Kigogo cha Mgomba Mtoni Songwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilisoma ubao wa maji mara tano, na mara zote tano ulionyesha futi moja na inchi nne. Ulikuwa ubao mweupe wenye mistari myeusi, umesimikwa ukingoni mwa mto Songwe, mwendo wa saa moja kutoka Isongole. Kazi yangu ilikuwa kuutazama asubuhi na jioni na kuandika kimo cha maji daftarini. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka shule na cheti kipya, na niliamini kwamba nikikosea inchi moja nitarudishwa kwetu Igamba, kwa Wanyiha wenzangu, kwa aibu. Bwana Maji, Mwingereza aliyesimamia vipimo vya mito ya milima ile, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Karani, maji yamebadilika tangu uanze kuyatazama?"

"Hapana, Bwana."

"Basi andika kabla hayajabadilika."

Chini yake alikuwapo nyapara wetu, Mzee Kibona, Mndali aliyezaliwa katika vilima vya Ileje, na vibarua wawili. Mzee Kibona ndiye aliyenifundisha kupima kasi ya mto. Kamba mbili zilivutwa kutoka ukingo hadi ukingo, moja juu na nyingine hatua hamsini chini yake. Tulitupa kipande cha mti, nami nikashika saa na kuhesabu sekunde kilizochukua kutoka kamba hadi kamba. Bwana Maji alipenda kusema kwamba kila kinachoelea ni kipimo cha bure, kwa hiyo niliandika hata majani.

"Ninyi Wanyiha maji mnayajua ya kwenye kibuyu," Mzee Kibona alinitania. "Usiuogope mto, karani. Wenyewe haujui kama wewe umesoma."

Mwaka wa pili Bwana Maji alipata likizo. Wenzake walikwenda pwani au kwao Ulaya. Yeye na mkewe, Memsabu, waliamua kushuka Songwe kwa chelezo na kutazama maporomoko, kwa kujifurahisha tu. Alituuliza nani angependa kwenda naye. Nilianza kufikiri: kazi ya wakati wa likizo ni kazi au si kazi? Nikikataa nitaonekana mvivu, nikikubali nitaonekana najipendekeza? Nilipomaliza kufikiri jina langu lilikuwa limeshaandikwa, pamoja na la Mzee Kibona na ya vibarua wote wawili.

Chelezo tulikitengeneza kwa mianzi ya Undali, iliyofungwa juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya lori. Mzee Kibona alisimama nyuma na upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo kwenye mawe. Palipokuwa na maporomoko tulishuka, tukakibeba chelezo nchi kavu na kukitia tena majini chini yake. Siku tatu zilipita hivyo. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kusimama nyuma ya pazia la maji, nikaona ulimwengu wote unatetemeka mbele yangu, na Memsabu alinicheka kwa sababu nilisahau kufunga mdomo.

Siku ya nne tulifika kwenye korongo. Kingo zake zilikuwa kuta za mawe, na ukishaingia hakuna pa kutokea mpaka mwisho. Mbingu ilikuwa safi. Wakati wengine wakifunga mizigo, nilisimamisha kijiti chenye alama za inchi ukingoni, nikatoa saa. Mara nikaona kigogo cha mgomba kinakuja na maji. Nikafurahi, nikakipima kama nilivyofundishwa. Baadaye kidogo kikaja kingine, nacho nikakipima. Cha pili kilikwenda upesi kuliko cha kwanza.

Hapo wasiwasi wangu ukaanza. Pengine nilibonyeza saa vibaya. Pengine kigogo cha pili kilikuwa chepesi zaidi. Halafu nikakumbuka kwamba vyote viwili vilikuwa na ncha zilizokatika sawasawa, na nikajiuliza kama kigogo kilichokatwa kinaelea sawa na kilichovunjwa na upepo. Bwana Maji na Memsabu walikuwa wameshakaa kwenye chelezo. Kibarua mmoja alikuwa anafungua kamba. Niliona haya kuuliza jambo dogo namna ile, lakini ningeliacha lisingenipa usingizi.

"Mzee, kigogo cha mgomba kilichokatwa kwa panga kinafaa kwa kipimo?"

Mzee Kibona alikuwa ameshainua upondo. Akaushusha.

"Kimekatwa? Umeona wewe?"

"Viwili."

"Na ulikuwa unafanya nini?"

"Nilivipima, Mzee."

"Mtoto wa watu, huko juu wakinyeshewa mvua kubwa wanakata mgomba na kuutupa mtoni, ili wa chini tusivuke. Umepewa habari, wewe ukaiwekea saa."

Bwana Maji aliposikia alitazama mbingu. "Hakuna wingu hata moja. Tutafika kabla ya saa sita. Achia kamba."

Kibarua alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kamba, nikaishika kwa mikono miwili. Sikuwahi kumpinga mkubwa maishani mwangu, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mtu jasiri.

"Bwana, naomba tusome kijiti kwanza. Ukiona hakijabadilika, unifukuze."

Alishuka kwa hasira na kuinama. Maji yalikuwa yamepanda inchi tatu. Tuliposimama pale yakapanda ya nne. Hakubishana tena. Alimshika mkewe mkono, tukapanda mwambani na mizigo tuliyoweza kuinyakua. Muda si mrefu mto ukaja mwekundu, umebeba miti mizima. Chelezo kilikata kamba, kikaingia korongoni. Kutoka mwambani tuliona kilichotokea upande wa pili: mianzi mitupu.

Memsabu alilia kidogo. Bwana Maji akasema, "Karani, andika kasi ya chelezo."

"Sikuwa na saa mkononi, Bwana."

"Vizuri. Safari hii ulishika kamba."

Maji yalipopungua tulipanda mlimani kumtafuta aliyekata migomba. Alikuwa mama mmoja anayelima karibu na mto. Memsabu alimpa kitambaa chake cha kichwani. Mimi nilitaka kumshukuru kwa maneno mazuri, nikayasahau yote.

"Kwani mlikuwa wangapi huko chini?" akauliza.

"Sita, mama."

"Ala. Mimi nilidhani hakuna mtu."

Baadaye nilihamishiwa Momba, kisha Tunduma, nikafanya kazi chini ya Bwana Maji wengine wawili na, baada ya Uhuru, chini ya mhandisi kijana aliyeniita baba. Wote walinitendea wema. Sasa nimestaafu, na vijana wa idara huja kuniuliza kwa nini tulisoma ubao kila asubuhi, hata kwenye vijito ambavyo hakuna aliyekuwa akivuka. Nawaeleza habari za mama yule, mvua ikimpiga mgongoni, akikata migomba yake mwenyewe kwa ajili ya watu asiowaona. Mimi nilisoma ubao kwa miaka yangu yote, na sikupata sababu nyingine iliyo bora kuliko hiyo.