Mkwe Niliyemwita Mwizi

Nawaambia haya nikiwa nimefunika uso kwa leso. Kanisani kwetu Endebess tulifundishwa, sisi wazee, namna ya kuwajua wezi wanaotapeli watu kwa kupiga simu, na mimi nikajiona profesa. Kesho yake tulikuwa kwangu na kina mama tukipukuchua mahindi, namba ngeni ikaita.

"Mama, ni mkwe wako wa Kanduyi. Simu ya Nekesa imezima."

Nikacheka. Nekesa ni binti yangu, na tangu waoane mumewe hajawahi hata kunitazama usoni, sembuse kunipigia. Kwetu mkwe humheshimu mama mkwe kwa kukaa mbali naye. Nikaweka simu kwa spika ili kina mama wajifunze.

"Wewe ni mwizi! Mkwe wangu ana adabu."

"Mama, tafadhali, sikia mtoto..." Kweli kulikuwa na kitoto kinalia.

"Na hicho kitoto mmekikodi wapi? Kirudisheni kwa mamake!"

Nikakata. Kina mama wakapiga vigelegele.

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba ukishakata, upige namba unayoijua. Hilo nililikumbuka saa kumi, nikampigia Nekesa nijisifu, bado kwa spika, na simu yake ilikuwa imeshawashwa.

"Mama," akasema polepole, "niko hospitali Bungoma, nimejifungua. Mimi ndiye nilimsukuma akupigie, na alikuwa anatetemeka. Huyo unayesema tumemkodi ni mjukuu wako."

Gunzi likanidondoka mkononi. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele.