Mtambo wa Sarafu na Ndizi za Mbege

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Moshi mjini nikisubiri printa yangu, akaingia kijana wa Rombo na mama yake. Kijana alikuwa amekumbatia kompyuta kubwa kama amebeba mgonjwa. Anaitumia kuchimba sarafu za mtandaoni, kazi inayotaka mashine iwake usiku na mchana, na alitaka kuwekewa mfumo mpya wa kuiendesha.

“Windows unaijua,” fundi akamwambia, “ila inaweza kujizima ijisasishe wakati hupo. Linux itakusumbua mwanzoni, lakini ikishakaa sawa inapiga kazi tu.”

“Linux siiwezi, kaka. Weka Windows.”

Mama akanyoosha kidole kama yuko darasani. “Samahani baba, ipi haijizimi ovyo?”

“Linux, mama.”

“Basi weka hiyo.”

Kijana akageuka. “Mama, si wewe uliyesema huu ni mradi wa wendawazimu?”

“Ni wa wendawazimu. Lakini nyuma ya huo mtambo wako kuna joto, nimevundika ndizi za pombe ya mbege hapo. Jumapili mdogo wako anapata kipaimara, na leo umeung’oa zikiwa nusu mbichi.”

“Kumbe huwa unaingia chumbani kwangu?”

“Kila asubuhi. Nani unadhani anaufuta vumbi?”

Kijana akamgeukia fundi, akamwambia taratibu, “Weka Linux. Nitajifunza.”

Hizo sarafu sijui kama zitaonekana. Ila Jumapili nimealikwa Rombo, kwenda kunywa faida ya kwanza.