Mafuta ya Mbarika Ndani ya Mfupa Wangu

Nimesimama kwa miguu miwili, ndugu zangu, na huu wa kushoto ulikuwa ukatwe.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa dereva wa trekta la miwa Muhoroni. Nilikuwa na nguvu, na mdomo zaidi ya nguvu. Siku moja trela lilichomoka likanibana chini ya goti. Mfupa ulivunjika, ngozi ikapasuka. Nilifungwa plasta, nami kwa kiburi nikarudi nyumbani kabla ya siku niliyoambiwa. Kosa hilo ni langu.

Miezi ikapita. Kidonda kilitoa usaha wa kijani, kisha kipande cha mfupa. Kilinuka hata mimi mwenyewe nikashindwa kula. Mama yangu akanipeleka hospitali Kisumu.

Daktari hakuzunguka. "Bwana, mfupa umeoza ndani. Tukate mguu, ama nisafishe, nijaze shimo na hii." Akanionyesha donge gumu la rangi ya siagi, la mfano, lililokwisha kukauka. "Imetengenezwa na mafuta ya mbarika. Ikichanganywa inakuwa laini kama ugali, halafu inakauka ndani ya mfupa."

Mbarika! Nyumbani mbuzi wetu wawili walikula mbegu zake wakafa.

"Hiyo ni sumu, daktari."

"Sumu inabaki kwa makapi. Haiko kwa mafuta."

"Basi kata."

Akatazama paja langu. "Nakupa mpaka keshokutwa ufikirie. Hii infection ikipanda, hata kukata haitasaidia."

Niliogopa sana, lakini nikajifanya hodari. Nikamwambia mama aende nyumbani na lile donge, ambalo daktari alituachia, alisage, ampe kuku. Kuku akifa, mguu ukatwe. Mama hakubishana. Alilifunga kwenye ncha ya leso akaondoka.

Siku mbili hizo simwombei hata adui. Homa ilinigonganisha meno. Paja lilivimba likang'aa. Kila aliyeingia wodini nilidhani amebeba msumeno.

Mama akarudi, midomo imemkauka. "Kuku ni mzima, nyathina, mwanangu. Weka sahihi."

Nikaweka. Walinipasua, wakakwangua uozo, wakajaza. Usaha ukakauka. Baada ya miezi sita niliacha magongo.

Miaka ilipita kabla sijamtania: "Mama, yule kuku shujaa ulimchinja?"

"Kuku gani? Mimi hata Muhoroni sikufika. Nililala kwa dada yako Nyalenda, palepale Kisumu. Nilisaga hiyo kitu, nikanywa na uji."

"Mama! Ulijua mbuzi walikufa!"

"Nilijua. Lakini kuku angeniambia aje kama tumbo inamuuma?"

Nililia kama mtoto.

Kwa hiyo nawaomba, msingoje kidonda kinuke. Mkiogopa dawa, semeni, na mmuulize daktari mpaka mwelewe, msipime kwa kuku. Namshukuru Mungu na yule daktari. Mama yuko pale, benchi la pili. Siku hizi magoti yake ndiyo mabaya, kwa hiyo leo nimemshika mkono tangu stendi mpaka hapa.