Vijiti Vyekundu vya Bonde la Msimbazi

Niliondoka Moshi kwa sababu ya kibao nilichokiandika mwenyewe. Miaka miwili iliyopita baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi ilimwangusha Shangazi Ndeanka kwenye njia yetu ya kando ya mto, akavunjika mkono. Mimi ni katibu wa kamati ya njia ile, na hasira zangu ziko karibu. Siku hiyohiyo nilichukua ubao na rangi nyeusi nikaandika BAISKELI MARUFUKU, nikaugongomea mtini.

Wenye baiskeli wakahamia barabarani, nasi tukabaki na utulivu wetu. Misimu miwili ya mvua ilitosha kuimaliza njia: mashimo, matope, magugu hadi magotini. Sasa jirani mwenye shamba alitaka kuusogeza uzio wake hadi mtoni, na Jumatano kamati ingepiga kura kama tumwachie. Shangazi hana njia nyingine ya kwenda kanisani, maana barabara kubwa ina mlima ambao miguu yake imeukataa. Alisema tukimzungushia uzio atasali na kuku wake.

Mdogo wangu Aloyce, mwenye duka la vitenge Kariakoo, ndiye aliyenishawishi. Alinieleza kwenye simu kwamba huko kwao, katika Bonde la Msimbazi, kuna njia inayopitiwa na kila chenye miguu na kila chenye magurudumu, mafuriko huipiga kila mwaka, nayo inarudi. Sikumwamini, kwa hiyo nikakata tiketi.

Alhamisi jioni nilifika Bongo, jijini kwa Aloyce, nimechoka hoi, miguu imevimba. Nikala wali wa wifi yangu, mke wa Aloyce, pale Buguruni na kulala bila hata kuuliza habari za watoto.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Aloyce aliniteremsha bondeni. Hiyo ndiyo njia yake ya kwenda dukani: inaanzia chini ya Buguruni, inafuata Mto Msimbazi mpaka Jangwani, kisha inapanda kuelekea Kariakoo. Nakiri nilipenda nilichokiona. Wanaotembea kwa miguu walishika upande wa mto, wenye magurudumu upande wa pili. Walipita wanafunzi, mama mwenye beseni la samaki, wanaume wakikimbia mazoezi, na maguta, yale mabaiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Aliyebeba mzigo hupishwa na asiye na mzigo, awe nani. Nilimwona mzee mwenye suti akiingia majanini kumpisha mwanamke mwenye ndoo ya maji, na hakuna aliyeshangaa.

Kilichonivutia zaidi ni maguta yanayorudi kutoka Kariakoo. Mzigo umeshushwa, lakini hakuna lililorudi tupu. Kila moja lilikuwa na kiroba kimoja cha kifusi, mabaki ya nyumba za zamani zinazobomolewa kule ili zijengwe ghorofa. Aloyce alinieleza kuwa ndiyo desturi: njia imekubeba ukienda, nawe unaibebea kiroba ukirudi. Wenye magurudumu ndio wanaoharibu njia, na haohao ndio wanaoijaza. Nikakikumbuka kibao changu.

Hapa na pale niliona vijiti vimesimikwa, vina vitambaa vyekundu. Niliuliza habari za mitaro, za mafuriko, hata bei ya samaki. Vijiti sikuuliza. Nilidhani ni michezo ya watoto.

Jumamosi asubuhi watu walishuka bondeni kufanya usafi, nami nikaomba reki. Kwa fagio na reki sina mpinzani. Nilizoa chupa za plastiki, nikafyeka majani, na nilipofika karibu na Jangwani nikang'oa kijiti kimoja kilichokuwa kinaniharibia unadhifu, nikakitupa kwenye takataka. Majani niliyofyeka niliyatandaza vizuri pembeni, na ndiyo yaliyofunika shimo lililokuwa karibu na kijiti kile, ambalo sikuliona.

Haikupita nusu saa, guta la nyanya likaingia palepale. Lilikuwa la Bakari, mtu wa Masasi ambaye humletea Aloyce mizigo. Gurudumu la mbele lilizama, matenga mawili yakapinduka, naye akaangukia goti. Nyanya zilibingirika mpaka mtoni. Niliona aibu ya kutamani ardhi inimeze.

Bakari aliinuka, akaangalia shimo, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Nani kang'oa kijiti hapa?"

Nilisema ni mimi. Watu wote wakanitazama. Alikuwa na haki ya kunitukana, goti lake likitoka damu.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba."

"Kijiti anaweka aliyejikwaa. Anakitoa aliyejaza. Ungeuliza tu."

Tuliokota nyanya zilizopona. Baadaye, alipokuwa anarudi kutoka sokoni, alinikuta bado nipo pale. Alikuwa amebeba kiroba, akanikabidhi. Nikakimwaga shimoni mwenyewe, nikashindilia kwa miguu, na watu wakapita juu yake kabla sijamaliza kufuta jasho. Sijawahi kujivunia kikao chochote cha kamati kama nilivyojivunia shimo lile.

Jumatatu usiku nilikuwa nimerudi Moshi, na asubuhi yake nilikwenda kwa Shangazi. Nilimsimulia yote, nikamwambia kwamba Jumatano nitasimama mbele ya kamati nikatae uzio na kuomba baiskeli zirudi. Nilimwomba radhi mapema, kwa kuwa ni mkono wake uliovunjika.

Shangazi aliendelea kuchambua maharage.

"Yule mwenye baiskeli alikuwa anakwepa shimo," akasema. "Lilikuwapo wiki tatu. Alilikwepa, akanikuta mimi. Wewe ukakimbilia rangi, hukuniuliza."

Jumatano nilieleza desturi ya vijiti na viroba; uzio ulikataliwa kwa tofauti ya kura moja, na baiskeli zikaruhusiwa. Niling'oa kibao changu, nikakipasua kwa shoka, kikatoa vijiti kumi na vinne. Shangazi alichana kitambaa chake chekundu, akafunga cha kwanza, na tukaenda taratibu, yeye akinishika bega, mpaka mahali alipoangukia, shimo likiwa bado lipo. Alikisimika mwenyewe, kwa mkono uleule.

Alhamisi alfajiri nilipita. Shimo lilikuwa limejazwa changarawe na kushindiliwa vizuri. Kijiti kilikuwa kimelazwa pembeni, na juu ya changarawe kulikuwa na alama moja ya tairi la baiskeli.