Shahidi Ambaye Mume Wangu Hakumtazama

Mimi ni mwanamke mwenye wivu na sijawahi kuuficha. Wengine huuita mapenzi, mama yangu huuita kukosa kazi. Niliwahi kumwonea wivu hata muuza maziwa aliyekuwa akimchekea mume wangu asubuhi, nikahamia kwa muuzaji mwingine ambaye maziwa yake ni maji matupu. Basi fikiria hali yangu siku niliyojua kwamba mwanamke aliyewahi kutolewa mahari na mume wangu atasimama mbele yake mahakamani.

Mume wangu ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Wakati huo tulikaa Mhunze, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua wa minyaa, na watu waliniita Mama Hakimu kana kwamba hakimu nimemzaa mimi. Yeye ni Msukuma wa upande wa Maswa. Mimi ni mtoto wa Isaka. Baba aliuza vipuri kwa madereva wa malori, mama ni mtu wa Tabora, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili tu. Kisukuma changu ni cha sokoni.

Habari za huyo mwanamke nilizipata kwa wifi yangu mwaka wa kwanza wa ndoa, tukichambua mchicha. Wifi ana mdomo. Alisema kaka yake alishapeleka ng'ombe kwa binti wa kijiji cha jirani, wakapokelewa, ikabaki harusi. Kisha kaka akaenda chuoni, masomo yakavuta, na baba wa binti akachoka kungoja. Akatokea mchimbaji wa Geita mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ng'ombe wengi zaidi. Ng'ombe wa ukoo wetu wakarudishwa nyumbani.

Kilichoniuma si ng'ombe. Kilichoniuma ni kwamba mume wangu hakumwacha. Mwanamke aliyeachwa ana kasoro yake inayojulikana. Huyu alichukuliwa akiwa mzima, na kichwani mwa mume wangu angebaki hivyo hivyo, hazeeki, hakoromi, haunguzi wali.

Miaka ikapita. Yule mchimbaji, ambaye alikuwa ameijengea familia yake nyumba hapo hapo Mhunze, akaugua na kufariki. Mjane akaomba mahakamani awe msimamizi wa mirathi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaweka pingamizi, akitaka usimamizi apewe yeye. Kila mtu alijua maana yake. Shemeji akishinda, mjane anafungasha vyombo na watoto na kurudi kwa mama yake. Mimi niliyasikia hayo saluni, kichwa kikiwa kimejaa dawa, nikatamani kuinuka na dawa zangu niende moja kwa moja mahakamani.

Jioni nilimsubiri mume wangu anawe mikono.

"Unajitoa lini?" nikamwuliza.

"Kwenye nini?"

"Usinifanye mtoto."

Akaacha tonge. "Mke wangu, ng'ombe wale walirudi kabla hujanijua. Huyo mama sina chochote naye. Hakimu hajitoi kwa sababu mkewe amenuna."

"Hakimu hujitoa kwa sababu gani?"

"Akiwa na maslahi. Mdaawa, yaani mwenye shauri, akiwa ndugu yake, au rafiki, au mtu aliyegombana naye. Au mtu mwenye akili timamu akikaa pale kwenye benchi aone kabisa kwamba huyu hawezi kuwa sawa kwa pande zote."

"Basi mwenye akili timamu ni mimi, na nimeona."

"Akili unazo," akasema. "Utimamu tutaujadili."

Alicheka peke yake. Kisha akanieleza kwa upole, jambo ambalo lilinikera zaidi, kwamba mji ni mdogo, na akikimbia kila mtu anayemfahamu, mashauri yatasikilizwa na nani? Akasema mjane anaumia kwa kungoja. Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu, mjane, na nilivyolisikia lilitamkwa kwa sauti laini mno. Nikamwambia aseme anaumwa malaria, ampishe mwingine. Akasema hawezi kuidanganya mahakama yake mwenyewe.

Siku ya shauri nilibeba hotpoti ya chakula, ingawa haikuwa saa ya kula, nikaketi benchi la nyuma. Watu wakaniamkia shikamoo Mama Hakimu, nikaitikia huku macho yangu yako mbele. Nilimkagua yule mwanamke kama ninayekagua kitenge. Nilitaka awe amechakaa, na alikuwa amechakaa. Mashavu yalikuwa yamebonyea, visigino vimepasuka. Nilifurahi, sitasema uongo. Kisha akafungua kinywa kueleza habari zake, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini, isiyo na haraka. Hakuna aliyeniambia kuhusu sauti.

Lakini mume wangu alimtazama usoni kama anavyomtazama mtu yeyote, akamwuliza maswali makavu, akaandika. Shemeji naye akatazamwa hivyo hivyo na kuulizwa hivyo hivyo. Nilianza kupumua. Nikawaza labda kweli utimamu wangu una shida.

Ndipo karani akamwita shahidi wa mjane, mama yake mzazi.

Hapa lazima nieleze kwa wasiowajua Wasukuma. Mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anakaa pembeni mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima nzito kuliko zote walizonazo.

Mama mzee aliingia. Alipofika katikati ya chumba akavuta khanga hadi kwenye shavu na kusimama upande, akielekea ukutani. Na mume wangu akainamisha macho mezani. Kiti chake kikasogea nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake njia. Akamwuliza jina akiiuliza meza, naye akaujibu ukuta. Akauliza marehemu aliishi na mkewe wapi, akiiuliza meza. Wageni waliokuwa pale hawakuona kitu. Lakini shemeji wa mjane ni Msukuma, na nilimwona akiinua kichwa.

Mimi damu ilinichemka, na sababu yake ni mama yangu. Mara ya kwanza mume wangu alipokuja Isaka alisimama nje ya uzio akiona haya, mama akatoka na kumvuta shati. "Ingia mwanangu, hapa hatufanyi hayo." Tangu hapo wanakula sinia moja, wanagombania nyama ya pilau, wanapigiana simu kunisengenya. Nilikuwa nikijivunia hilo mbele ya mashoga zangu. Kumbe ile heshima nzito ilikuwa imewekwa akiba kwa mama wa mwanamke mwingine, ambaye zizini kwake hakuna hata ng'ombe mmoja wa kwetu.

Mume wangu akaweka kalamu chini.

"Kabla hatujaendelea, mahakama ina la kusema," akatamka. "Miaka ya nyuma ukoo wangu ulipeleka mahari kwa shahidi huyu, kwa ajili ya mwombaji. Mahari ilirudishwa. Niliamini imekwisha, ndiyo maana nikakaa hapa. Sasa nimeona siwezi kumtazama shahidi usoni. Asiyeweza kumtazama shahidi hawezi kupima kama anasema kweli. Najitoa. Jalada litarudi wilayani lipangiwe hakimu mwingine, na shauri lianze upya."

Shemeji akasimama. "Mheshimiwa, nashukuru. Hilo nilikuwa naliweka kwa ajili ya rufaa."

Nilikuwa nimepata nilichotaka, na nilitaka kulia. Mimi nilitaka ajitoe kimya kimya, kwa malaria. Yeye amejitoa mbele ya kadamnasi, na karani anashuhudia, kwa kusema kwamba uso wa mama wa yule mwanamke bado unamshinda. Niliondoka na hotpoti yangu.

Nyumbani nilimwambia, "Kwa hiyo bado ni mkweo."

"Macho yalishuka yenyewe," akasema. "Sikuyaamuru. Wewe ndiye uliyesema nijitoe."

"Nilisema, lakini si kwa sababu hiyo."

"Hakuna nyingine."

Nikampigia mama simu nikamwambia kuanzia leo asile na mume wangu sinia moja. Akauliza kama amemalizia nyama. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema mume wangu ni mtu mwema, niache upuuzi, na tukija Isaka atampikia pilau.

Hakimu mpya alikuwa mwanamke, tena kijana, aliyetoka kituo cha mbali. Hakumjua mtu. Alisikiliza kila kitu upya, na mjane alingoja kwa wasiwasi kwa muda mrefu. Hatimaye mjane akateuliwa kuwa msimamizi. Shemeji alizunguka akitafuta pa kushika ili akate rufaa, hakupata. Pale saluni, ambako, kama mume wangu ndiye angeamua, wangekuwa wameshasema kwamba nyumba kapewa na bwana wake wa zamani, walisema tu kwamba kapata haki yake, wakahamia kwenye habari nyingine.

Nilimpelekea mume wangu habari hizo pamoja na ugali, nikiuchungulia uso wake. Akasema, "Vizuri," akaendelea kula.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya kwa mdomo wangu. Mimi nilidai ajitoe, na alipojitoa ndipo alipompa kitu ambacho hakuna mwanamume aliyewahi kunipa mimi: nyumba ambayo hakuna atakayesema amepewa na mwanamume. Nakutana naye sokoni. Ananisalimu kwa adabu, kwa ile sauti yake. Ninaitikia vizuri, na roho inaniuma.