Dume Lilipanda Tela, Mimi Nikaambiwa Nijikongoje

(Jina la dada huyu tunalo. Kwa ombi lake tumelificha, pamoja na jina la kijiji chake.)

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, naishi katika kijiji cha ujamaa upande wa Mgori, mkoa wa Singida. Ni kilema wa mguu wa kushoto tangu utotoni, natembea kwa fimbo. Nimechumbiwa, mahari imeshapokelewa, na harusi ni baada ya mavuno. Ninawaandikia kwa sababu siku hizi nikimtazama mchumba wangu namwonea kinyaa, na hapa nyumbani hakuna anayetaka kunisikia.

Mchumba wangu ni katibu wa mradi wa mifugo wa kijiji. Sitamsingizia, hapa kijijini alikuwa mtu mwema. Alinipakia kwenye baiskeli yake kwenda kisimani na mikutanoni, mchana kweupe, watu wakitutania naye akicheka. Ndiyo maana nilimpenda. Kijiji kilipochaguliwa kupeleka dume lake la ng'ombe na vikapu vyetu akina mama kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Singida, aliniahidi jambo moja. Alisema huko viwanjani kuna bembea kubwa ya kuzunguka, viti vinaning'inia kwa minyororo na mtu anapaa juu ya vichwa vya watu. "Nitakupandisha," aliniambia. "Kule juu hakuna anayetumia miguu." Jamani, nilikaa na maneno hayo kama mtoto anayengoja sikukuu.

Tulifikia kwenye hoteli ya Mhindi mmoja karibu na stendi. Sisi akina mama tulikuja kwa lori la ushirika, na dume lililetwa kwa tela ya trekta ya kijiji pamoja na baiskeli ya mchumba wangu, likafungwa uani nyuma ya vyumba vyetu. Asubuhi mchumba wangu aliliogesha kwa sabuni, akalipaka mafuta pembe zote mbili, akalipandisha kwenye tela, maana viwanja viko ng'ambo ya mji na njia yake ni mchanga na mawe. Wenzangu walijitwika vikapu wakatangulia. Mimi nikaiendea tela na fimbo yangu, nikijua nitakaa pale kwenye kona ya mbele penye nafasi.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. Sauti haikuwa ile ya kijijini.

"Napanda. Mguu huu hautafika."

Akatazama huku na huku. Maofisa wawili walikuwa barazani wanakunywa chai. "Tela ni ya dume," akasema kwa sauti ya chini. "Likitembea litachoka, halitapendeza mbele ya mgeni rasmi. Wewe jikongoje tu, utafika."

"Basi nipakie kwenye baiskeli."

"Hapa ni mjini. Watu watatuonaje?"

Kiongozi wa kikundi chetu cha kusuka vikapu, mama mtu mzima, alikuwa bado hajaondoka. Akamwambia, "Mwanangu, hujafa hujaumbika." Yeye akamjibu, "Shikamoo mama, wahi ukapange vikapu." Heshima ya mdomoni hiyo! Trekta ikaondoka. Mwenye hoteli akanivutia kiti, akasema, "Mama, kaa hapa, usiende." Kwa hasira nikaenda.

Sitawaelezea njia yote. Nilipumzika kwenye kila jiwe, viatu vikajaa mchanga, watoto wakanifuata wakiigiza mwendo wangu. Nilipofika, hotuba ya usawa wa binadamu ilikuwa imekwisha, vikapu vimeshakaguliwa, na dume letu limevishwa utepe shingoni. Nikaitafuta bembea. Ilikuwa inazunguka, na mchumba wangu yuko juu na wale maofisa, miguu inaning'inia, anacheka. Kiti kikapita, akaniona, tabasamu likamkauka. Kikapita mara ya pili, akageuza uso. Mtu anayening'inia hewani, hana pa kukimbilia, na bado alinikimbia!

Jua lilipozama mguu ulikuwa umevimba, siwezi hata kuukanyagia. Akanijia nyuma ya banda la vikapu vyetu, anaongea kwa kunong'ona. "Sasa giza limeingia. Panda tela."

Nikapanda, ningefanya nini? Dume lilikuwa limeshapandishwa humo, na kwa kuwa lilikula majani siku nzima, tela yote ilikuwa mavi. Nilikaa humo, yakanilowanisha gauni hadi mapajani, na kila tulipopita penye taa alinifanyia ishara niinamishe kichwa. Tulipofika hotelini akanitazama, akacheka. "Si nilikuahidi nitakupandisha?" Pale ndipo kinyaa kiliponiingia, na mpaka leo hakijatoka. Gauni nilifua likatakata.

Nilipomweleza mama yangu, alisema, "Mwanangu, na mguu huo nani mwingine atakuchukua?" Kaka yangu ananikwepa, na namwelewa. Ng'ombe wa mahari yangu ndio aliowatoa alipooa. Mke wake ni mtu mpole, hunitekea maji bila kuombwa, na sasa ana mimba kubwa. Nikikataa, ng'ombe wanarudi, na baba mkwe wa kaka ameshasema wazi kwamba wakiondoka zizini mwake atamchukua binti yake na mtoto atakayezaliwa. Kwa hiyo nikijiokoa mimi, namvunjia kaka nyumba.

Juzi mchumba alikuja kwetu amevaa shati jipya. Akawasalimu wazazi, akakaa, akatangaza kwa furaha kwamba amezungumza na mwenyekiti. Siku ya harusi sitatembea hata hatua moja. Nitachukuliwa kwa trekta ya kijiji, peke yangu kwenye tela, imeoshwa na kutandikwa majani mabichi. Mama akapiga vigelegele. Baba akamshika mkono. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya zizi.

Ndugu wasomaji, wenye dada na wenye mabinti, nipeni shauri kabla mavuno hayajaisha. Tela ile niipande?