Nozeli na Moshi wa Mama

Jumamosi jirani yangu hapa Garissa alifungua nozeli za kunyunyizia mafuta kwenye injini ya pikapu inayopeleka maziwa ya mamake sokoni. Alikuwa uani akizisugua kwa petroli, nami nikimtazama, mama akatokea na kigae cha makaa yanayofuka, kama anavyofukiza vibuyu vyake vya maziwa.

"Hooyo, mama, simama! Hii ni betroli!"

"Chombo ya maziwa ikioshwa bila moshi, bado ni chafu."

Mama akarudi nyuma hadi langoni, akaketi huko akitupepea moshi kwa ncha ya mtandio.

Nozeli zikarudishwa. Gari lililokohoa wiki nzima likawaka mara moja.

"Umeona kazi ya moshi?" mama akauliza.

Jirani akatazama vidole vyake vilivyochubuka. "Nimeona, hooyo."

Gari langu nalo limeanza kukohoa, na kusema kweli sijui nimwite nani kati yao.